Kibao cha "Mbwa Mkali" Ndani ya Kompyuta

Kama umefanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta za Windows, huenda umemwona fundi akitaka kuendesha skripti yake, yaani faili la maandishi lenye amri zilizopangwa mfululizo, halafu mashine ikamgomea kwa maandishi mekundu. Kugoma huko kuna historia yake.

Mei 4, 2000, barua pepe zenye kichwa "ILOVEYOU" zilisambaa duniani kutoka Ufilipino. Kila moja ilibeba faili lililofanana na barua ya kawaida. Kumbe ni skripti! Windows ya wakati ule ilificha herufi za mwisho wa jina la faili, na kubofya mara mbili kulitosha kuiendesha. Ikaharibu mafaili, ikajituma kwa kila aliyekuwemo kwenye orodha ya anwani. Hata Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Novemba 2006 Microsoft walipotoa PowerShell, lugha ya skripti ya wasimamizi wa kompyuta iliyobuniwa na Jeffrey Snover na wenzake, waliifunga tangu siku ya kwanza. Sera ya awali iliitwa Restricted: amri moja moja unaandika, skripti huendeshi. Ukibofya faili mara mbili, linafunguka kwenye Notepad ulisome tu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sera hiyo haikuwekwa kumzuia mwizi, bali kukukinga wewe na kidole chako mwenyewe. Microsoft wenyewe wanasema hivyo. Mtu akinakili amri zilizomo na kuzibandika, au akiongeza neno Bypass anapoiita PowerShell, kwa kawaida kazi inaendelea. Kizuizi cha kweli ni kutompa kila mtumiaji mamlaka ya msimamizi, pamoja na kuorodhesha programu zinazoruhusiwa, kama ifanyavyo AppLocker iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009.

Sasa fikiria ofisi inayotunza mishahara au mafaili ya wagonjwa. Bosi anayaona yale maandishi mekundu, anaamini kuna ulinzi. Fundi naye ameokota skripti mtandaoni, anaandika Bypass kwa mazoea bila kuisoma. Hao wawili wanaturudisha Mei 2000.

Kibao cha "Mbwa Mkali" getini ni kizuri, lakini hakibweki.