Sumu ya Mshale na Milango ya Chumvi

Wawindaji wa Kikamba na wa Kiwata katika nyika ya Tsavo walikuwa na namna yao ya kupima sumu kabla ya kuipaka mshaleni. Wasafiri na maofisa wa wanyamapori wameieleza hivi: mtu alijichanja mkononi, akaacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mchirizi. Damu ilianza kusawijika, weusi ukapanda kuelekea kwenye chanjo. Ukipanda mbio, sumu ni kali. Nao waliufuta upesi kabla haujafika kwenye kidonda.

Jaribio hilo lisikuzwe kupita kiasi. Aliyechomwa mshale alikufa kwa moyo, si kwa donge la damu. Hata hivyo sumu hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwafungulia wanasayansi njia ya kuelewa chumvi zinavyopita kwenye utando wa seli, na mpito huo husaidia kuamua damu igande au isigande.

Sumu yenyewe hutoka kwenye msunguti, mti wa nyika unaoota kutoka Pembe ya Afrika hadi Tanzania na Rwanda. Vipande vya mti na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi hadi ubaki urojo mweusi kama lami. Wanadamu si peke yao waliougundua. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walieleza habari za panya mkubwa wa Afrika Mashariki anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata huweza kufa.

Mfaransa Arnaud aliitenga sumu hiyo mwaka 1888, ikaitwa wabaini. Jamaa yake, sumu ya strofanto, ilikwisha kuonjwa bila kukusudia na John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone huko Zambezi na baadaye konseli wa Uingereza Unguja. Mswaki wake ulikaa pamoja na sumu hiyo. Alipopiga mswaki, mapigo ya moyo yakapungua. Kwa miongo mingi madaktari wakazitazama sumu hizi kama dawa za moyo tu.

Damu iliingia katika habari hii mwaka 1953. Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba dawa za jamii hii huzuia chembe nyekundu kusafirisha sodiamu na potasiamu. Miaka minne baadaye Jens Christian Skou wa Denmark aliipata pampu yenyewe kwenye neva za kaa, kazi iliyompa Nobel ya kemia mwaka 1997. Kila inapozunguka, pampu hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Wabaini huikaba.

Pampu hiyo imo pia kwenye chembe sahani za damu, ambazo Mwitaliano Bizzozero alizieleza mwaka 1882; hazina kiini na huishi siku 7 hadi 10. Zikiwa zimetulia, kalsiamu iliyo huru ndani yake ni kama sehemu moja kwa 10,000 ya ile ya nje. Mshipa ukikatika, akiba ya ndani hufunguliwa, kisha milango ya utandoni huachia kalsiamu ya nje ifurike. Chembe hubadili umbo, humwaga vifuko vyake na kunasana kwa nyuzi za fibrinojeni. Kalsiamu ikizidi, mafuta ya upande wa ndani wa utando hugeuzwa nje, na juu yake vigandishaji vya plazma hufanya kazi. Pampu ikikabwa, sodiamu hulundikana ndani. Na kwa kuwa sehemu ya kalsiamu hutolewa kwa kubadilishana na sodiamu inayoingia, kalsiamu nayo hukawia kutoka. Ndiyo maana maabarani wabaini imeonekana kuzifanya chembe sahani ziwe nyepesi kuchochewa.

Kalsiamu hiyo hiyo ndiyo inayodhibitiwa damu inapohifadhiwa. Mwaka 1914 Mbelgiji Albert Hustin alimwongezea mgonjwa damu iliyotiwa sitrati huko Brussels. Sitrati huikamata kalsiamu, na damu isiyo na kalsiamu huru haigandi. Mfuko wa damu wa leo bado unaitegemea.

Tangu Oktoba 2016 droni za kampuni ya Zipline hupeleka damu kwenye hospitali za Rwanda, kwanza kutoka Muhanga, na chembe sahani zimo katika shehena. Hizo hazipendi friji: baridi huvuruga milango yake, kalsiamu hupanda ndani, umbo hubadilika, na zikiingia kwa mgonjwa ini huziondoa upesi. Kwa hiyo hutunzwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, kwa kawaida si zaidi ya siku 5. Hospitali ndogo haiwezi kuweka akiba ya kitu cha namna hiyo. Huziagiza mgonjwa akiwa tayari kitandani.