Wino na Karatasi: Utendi wa Mwana Kupona na Historia ya Mwanamke wa Pwani

Kila inapozungumzwa hadhi ya mwanamke wa Pwani katika karne ya 19, shahidi aitwaye kwanza aghalabu ni Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, unamwagiza mke amtii mumewe na kumtumikia. Na kwa hayo wengi wameridhika kuwa hoja imekwisha. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo si la mtungaji, lakini limeongoza macho ya wasomaji tangu hapo.

Hatuna budi kuurudia mwanzo wa utendi wenyewe. Kabla ya kutoa usia wowote, mama anamwita bintiye aje aketi, naye alete wino na karatasi. Tena, karibu na tamati, anawahimiza wanawake wenzake wausome. Wito huo ungekuwa na maana gani lau wanawake wa tabaka lake hawakuwa na elimu hiyo? Ni kweli kwamba kusoma, kwa Mswahili wa zama zile, kulikuwa pia kughani na kuhifadhi kwa moyo. Lakini wino haughaniwi. Basi utendi uliochukuliwa kuwa hati ya unyonge ni hati ya elimu vilevile: mwanamke anatunga, anamfundisha mwanamke, na anatarajia kusomwa na wanawake. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, alikwenda mbali zaidi akaona kejeli ndani ya usia huo. Sisi hatuoni haja ya kufika huko. Yamkini Mwana Kupona aliamini kila neno la utii aliloliandika, na bado akawa na mamlaka ya kuliandika.

Lakini mamlaka hayo yalikuwa ya nani? Katika utendi uo huo bintiye anaonywa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Miongoni mwa watumwa wa Pwani walikuwamo wanawake wengi, waliotwanga, wakateka maji na kulea watoto wa mabibi zao. Wao hawamo katika wito wa kusoma. Anayeandika historia ya “mwanamke wa Pwani” kwa umoja huwapoteza hao tangu ukurasa wa kwanza. Hata sheria iliwatenga. Amri ya Unguja ya mwaka 1897, iliyofuta hadhi ya utumwa, haikuwahusisha masuria: wao walihesabiwa kama wake, wakabaki katika nyumba za mabwana zao. Pwani ya Kenya hadhi ya utumwa ilifutwa mwaka 1907. Masuria wa Unguja walingoja hadi 1909.