Liemba: meli ya moshi iliyozama ikarudi kazini

Kwa wazee wa chama chetu jina la Liemba halihitaji maelezo. Lakini vijana waliozaliwa kambini kule Tanzania wanajua tu kwamba ni meli ya zamani, na wafadhili wetu wa mbali pengine hawajaisikia hata siku moja. Habari yake inatuhusu sisi wote.

Ilitengenezwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Baada ya kuiunganisha waliivunja tena vipande vipande, wakavifunga ndani ya masanduku karibu 5,000. Vilipita baharini mpaka Dar es Salaam, kisha gari la moshi likavileta Kigoma, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika ziwani. Mafundi watatu wa Kijerumani, mkubwa wao Anton Rüter, waliiunganisha upya, na mwaka 1915 iliingia majini. Vita ilikuwa imeshaanza, basi wakaifunga mizinga.

Mwaka 1916 Wabeleji walileta ndege za majini upande wetu, huko Mtoa karibu na Kalemie, zikaenda kupiga mabomu Kigoma. Wajerumani walipoona mji unawatoka waliamua kuizamisha meli wenyewe, tarehe 26 Julai, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi hawakuitupa hivi hivi. Walipaka grisi nzito kwenye mashine zote, juu walikuwa na tumaini kwamba siku moja itarudi.

Wabeleji walijaribu kuiinua, ikazama tena hapo Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza ndio waliifaulu. Walipofungua mashine walikuta bado nzima: ile grisi ilikuwa imezilinda miaka karibu 8 chini ya maji. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kusafiri tena, ikitumia moshi wake ule ule, na jina jipya Liemba, jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Mashine za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo wakaweka moteri za mazutu.

Meli iliyoletwa kwa ajili ya kutawala ziwa ikageuka kuwa ya watu: wachuuzi wa dagaa, akina mama na magunia yao, wagonjwa, wanafunzi. Mwaka 1997 HCR iliitumia kurudisha zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Zaire ya wakati ule. Mwaka 2015 ikaenda Kagunga kuchukua Warundi waliokuwa wamejaa ufukweni. Watu 600 safari moja, na hakuna bandari: mitumbwi ndiyo ilikuwa inawapeleka mpaka melini.

Mwaka 2018 ilisimama Kigoma. Wako wanaotaka itengenezwe juu ni kumbukumbu nzuri na watalii wataifurahia. Sikatai. Lakini kwa mtu wa Fizi au wa Moba, meli inayotembea ni njia kwanza, na kumbukumbu baadaye. Ndugu zetu walio bado Nyarugusu, siku wakiamua kurudi, watahitaji kitu cha kuwavusha salama.

Na kuna jambo lingine ninaloliona kila ninapopita vijijini. Pampu ya maji inaletwa, mashine ya kusaga unga inaletwa, sherehe inafanyika, picha zinapigwa. Miezi michache baadaye imekufa, kwa kukosa kipuri kidogo au mafuta ya kulainisha. Kwenye bajeti hakuna mtu aliyeandika grisi.

Wanachama, tutenge fungu la matengenezo kila mwezi, hata likiwa dogo. Nanyi wafadhili, mkituandikia mashine, tuandikieni pia na utunzaji wake. Liemba isingerudi juu ya maji kama mafundi watatu wasingefanya kazi ile chafu kabla ya kuondoka.