Redio ilipotaja majina kwanza

Mwaka 1994, vita ilipotawanya familia za Maziwa Makuu, redio haikuwa na mapambo. Mwezi wa 8, Radio Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. BBC nayo ilianzisha Gahuzamiryango, maana yake ni chenye kuunganisha familia. Mtangazaji alisoma majina: fulani wa kijiji fulani anatafuta watoto wake. Basi. Hakuna mzazi aliyewekewa muziki na vichekesho kwanza ndipo asikie jina la mwanawe. Agatashya ilinyamaza 1996, vita ilipofika Bukavu kwenyewe.

Leo mama aliyekimbia Uvira anafungua tovuti ya habari kwenye telefone, ajue kama mpaka wa Kavimvira uko wazi. Video ya mwanamuziki inaanza yenyewe. Tangazo la kamari linafunika ukurasa, na alama ya kulifunga ni ndogo kama punje ya mchele. Mega alizonunua kwa pesa ya ndagala zinaisha hapo. Habari ya mpaka ilikuwa mistari miwili, chini kabisa, chini ya harusi ya mchezaji mpira.

Jioni anaenda kwa jirani mwenye redio ya mawe.