Mapadre wa Kifaransa na Kiswahili cha Unguja
Habari za misheni na lugha ya Kiswahili katika Unguja husimuliwa kana kwamba zilianzia Mkunazini, kwa Waingereza wa UMCA na Askofu Steere. Lakini Wakatoliki waliwatangulia. Padre Fava na wenzake, pamoja na masista wachache, walifika mjini kutoka kisiwa cha Réunion mwishoni mwa mwaka wa 1860, zama za Seyyid Majid. Na katika mwaka wa 1863 kazi ikashikwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. UMCA walihamia Unguja mwaka wa 1864.

Katika mji wa Waislamu mapadre hawa walijulikana kwanza kwa hospitali na karakana zao kuliko kwa mahubiri. Watoto waliofundishwa humo useremala na uhunzi walikuwa wamenunuliwa katika soko la watumwa. Jambo hili husifiwa sana, na kwa haki. Ila fedha iliyomkomboa mtoto iliingia vile vile mfukoni mwa muuzaji. Watoto hao, waliotoka bara na lugha zao mbalimbali, walipaswa kujifunza Kiswahili sawasawa na walimu wao. Tangu mwaka wa 1868 wengi walipelekwa Bagamoyo. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili, lililojengwa mjini katika miaka ya 1890, likawa khasa la Wagoa, ambao wengi wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964.

Padre Charles Sacleux alifika mwaka wa 1879. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka wa 1891, na sarufi ya lahaja mwaka wa 1909. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilipigwa chapa Paris, 1939 hata 1941. Mwaka ule ule wa 1939 ikatoka kamusi ya Johnson, iliyofuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Johnson alitumikia shule na serikali, na kwa hiyo alihitaji neno moja la kuwatosha wote. Sacleux hakufungwa na haja hiyo: aliweka maneno ya Kiamu, Kimvita na Kingazija kando ya yale ya Kiunguja, kila moja na alama ya kwao. Kwa mchunguzi wa lahaja, kazi ya padre ndiyo yenye faida zaidi. Walakini maana zote zimefasiriwa kwa Kifaransa, na mzee wa Lamu au wa Ngazija asiyeijua lugha hiyo hawezi kuhakikisha kilichoandikwa juu ya maneno yake mwenyewe.