Kutoka kwenye kinu hadi kwenye lebo: safari ya SIDO na wajasiriamali wa Songwe

Mwenye kinu kidogo cha kukamua alizeti pale Tunduma, mkoani Songwe, akitaka mafuta yake yavuke mtaa, hukwama kwenye chupa kabla ya kukwama kwenye mashine. Mafuta mengi yanayouzwa kando ya barabara hutiwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika au kwenye madumu ya zamani. Lebo, ikiwapo, ni karatasi iliyochapwa stesheneri na kubandikwa kwa gundi. Mafuta yakichuruzika kidogo, wino unatanda na tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki tena. Hata kama yaliyomo ni safi, mwenye duka la jumla hayapokei.

Serikali iliona mapema kwamba mzalishaji mdogo anahitaji mtaalamu wa kumshauri, na mtaalamu huyo alipwe na umma. Wazo hilo halikuwa geni: Uingereza ilikwishaunda baraza la usanifu wa bidhaa za viwandani mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia havijaisha. India ikaanzisha chombo chake cha viwanda vidogo mwaka 1954. Kwetu, shirika la kwanza la viwanda vidogo liliundwa mwaka 1966, kisha Bunge likapitisha Sheria Namba 28 ya mwaka 1973 iliyozaa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Miongoni mwa kazi zake ni kutoa ushauri wa kitaalamu kwa wenye viwanda vidogo.

Ushauri huo ulianzia kwenye chuma. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Azimio la Arusha, na ilichotaka ni majembe, mikokoteni na vinu. Wasweden walisaidia kwa mpango wa viwanda dada, kampuni za kwao zikiwapa wenzao wa Arusha na Moshi michoro, mitambo na mafunzo. Mwaka 1980 sheria nyingine ikaunda TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, nayo ikawekwa Arusha. SIDO ikajenga vituo vya kuendeleza teknolojia mikoani, kimojawapo Mbeya, na hicho ndicho kilichokuwa karibu na watu wa wilaya za Mbozi, Ileje na Momba, ambazo leo ni za Songwe. Songwe ilikuwa bado sehemu ya Mbeya hadi mwaka 2016, na kutoka Tunduma hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 100. Mashine za kupukuchua mahindi na kukamua alizeti ni matunda ya kazi ya namna hiyo, na naiheshimu sana.

Sura ya nje ya bidhaa ilichelewa. Ilianza kupewa uzito miaka ya 1990, SIDO na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, walipowafundisha wanawake usindikaji wa vyakula. Mtu akishasindika, swali la kifungashio haliepukiki: uzito halisi, viambato, namba ya toleo, anwani ya mzalishaji. Baadaye ukaja utaratibu ambao kwangu ni mojawapo ya misaada bora kabisa kwa mjasiriamali mdogo: akiwa na barua ya utambulisho kutoka SIDO, anapimiwa bidhaa na kupewa alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Tangu Julai 2019, usajili wa vyakula nao umehamia TBS kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwa hiyo mlango umebaki mmoja.

Njia ya sokoni nayo ilirahisishwa mwaka huohuo: Oktoba 5, Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walizindua kituo cha forodha cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Malori sasa yanakaguliwa mara moja. Lakini mchele wa Momba bado unasafiri kwa magunia, na kahawa ya Mbozi inaondoka mbichi ikakaangwe na kupewa jina ughaibuni. Faida ya jina hilo inabaki hukohuko. Kwa mkoa uliokaa mlangoni mwa soko la nchi za kusini mwa Afrika, SADC, msanifu wa vifungashio anayelipwa na umma, anayekaa Vwawa, makao makuu ya mkoa, au Tunduma na kumfuata msindikaji kwenye banda lake, anahitajika leo kama fundi wa vinu alivyohitajika mwaka 1973.