Hodi! Nani? Mimi. Mimi nani?

Wadau, mnavikumbuka vitabu vya MTUHA? Zahanati za Rungwe au Mufindi zilijaza takwimu kwa mkono, zikapelekwa wilayani, kisha Mbeya au Iringa mjini. Mwaka 2013 mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ukaenezwa nchi nzima. Sasa programu moja inaweza kuuomba mfumo huo takwimu kupitia intaneti.

Ombi hilo ni kama barua, na heda zake ndizo bahasha. Heda ya Accept inasema unataka jibu kwa muundo gani, JSON au XML. Heda ya Authorization inasema wewe ni nani.

Zamani bahasha haikuwepo. HTTP ya kwanza ya Tim Berners-Lee, mwaka 1991, ilikuwa ombi la mstari mmoja tu. Heda ziliandikwa kwenye waraka wa HTTP/1.0 mwaka 1996.

Shida iko hapa. Njia iitwayo Basic husafirisha nywila kwa Base64, ambayo si kufuli hata kidogo. Bila HTTPS, anayeidaka njiani anaisoma papo hapo. Na hata kwa HTTPS, nywila moja ikitumiwa na ofisi nzima, mtu akibadili idadi ya vifo vya wajawazito, utamjuaje?

Mama zetu hawafungui mlango kwa "mimi" tu, maana sauti wanaijua. Kompyuta haijui sauti, inaamini nywila. Ofisini kwenu mnaigawana? Semeni ukweli jamani!